Mti, Dawa na Mizani

Katika lugha ya Kimaasai neno olchani lina maana mbili: mti na dawa. Mzee wa Kakesio akisema kwamba anakwenda kutafuta olchani, msikilizaji hana haja ya kuuliza kama atakacholeta ni mti au ni dawa, maana kwao hivyo ni kitu kimoja. Nasi tusemao Kiswahili hatuko mbali na fikira hiyo, kwani dawa za jadi twaziita mitishamba, kana kwamba mti ukitajwa dawa imekwisha kutajwa. Lugha ni ghala ya fikira za watu, na katika ghala hii wazee wetu waliweka akiba moja kubwa, nayo ni imani kwamba nchi waliyopewa kuishi haikuwaacha wagonjwa wao bila msaada.

Leo imani hiyo imefika mbele ya mtihani. Dunia imejifunza kutoa katika mimea dawa za maradhi ambayo zamani hayakuwa na dawa, mojawapo ikiwa ni saratani ya damu, iitwayo pia lukemia. Watafiti huchukua jani au gome, hulisaga, huchuja, hupima, na mwisho husema: katika mmea huu mna dawa, na katika ule hamna. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo nakusudia kulichunguza katika makala haya. Je, tunapouchukua mti wa mzee na kuuweka juu ya mizani, tunamheshimu mzee huyo au tunamdharau?

Kakesio iko kusini-magharibi ya eneo la Ngorongoro, si mbali na Laetoli, mahali ambapo mwaka 1978 ziligunduliwa nyayo za viumbe waliotembea wima kama watu miaka zaidi ya milioni 3.5 iliyopita. Ni nchi ya wafugaji, na mfugaji huijua miti kama mvuvi aijuavyo mikondo ya bahari. Uko olkiloriti, ambao ni aina ya mgunga. Magome na mizizi yake huchemshwa katika supu ya nyama, hasa katika olpul, ile kambi ya porini ambako wanaume huchinja, hula na kujenga miili yao. Uko olmukutan, ambao gome lake hutumika kuondoa minyoo. Mtoto wa Kimaasai huyajua majina haya kabla hajajua kuyaandika.

Ujuzi huu ulipatikanaje? Haukupatikana kwa bahati nasibu. Mtu alikunywa gome, minyoo ikatoka, naye akasimulia. Wa pili akanywa, wa tatu akanywa. Aliyezidisha akatapika na kuishiwa nguvu, na jambo hilo likakumbukwa pia. Vizazi vikapita, na kilichobaki mikononi mwa wazee kikawa kimechujwa na watu wengi kwa miaka mingi. Basi yafaa tukiri tangu mwanzo kwamba mzee naye ana mizani yake. Mizani hiyo ni macho yake, kumbukumbu za ukoo wake, na wingi wa wagonjwa waliopita mbele yake. Wanaosema kwamba kupima ni desturi ya kigeni iliyoletwa na meli hawajui wanachokisema. Wazee walipima, ila walipima kwa vipimo walivyokuwa navyo.

Lakini kila mizani ina uzito ambao haiwezi kuuhisi. Mizani ya kupimia magunia ya mahindi haiwezi kupima dhahabu ya pete. Hebu tuitazame saratani ya damu kwa jicho hilo.

Damu ya binadamu hutengenezwa katika uboho, yaani ule ute ulio ndani ya mifupa. Humo huzaliwa chembe nyekundu zinazobeba hewa, chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu, na chembe sahani zinazogandisha damu mtu anapoumia. Katika lukemia, chembe nyeupe ambazo hazijakomaa huanza kuzaana bila kiasi. Hazifanyi kazi ya askari, bali hujaza nyumba nzima na kuwanyima wenzake nafasi. Mtoto hupauka kwa kukosa chembe nyekundu, hupata homa za mara kwa mara kwa kukosa askari wa kweli, hutokwa na damu puani na katika ufizi, mifupa humuuma. Anayemtazama atadhani ni malaria, au upungufu wa chakula, au uchovu wa kuchunga. Maradhi haya huvaa nguo za maradhi mengine.

Tena ni maradhi ya nadra. Katika nchi zinazoandika kila mgonjwa, huonekana kwa watoto takriban 4 au 5 kati ya kila 100,000 kwa mwaka. Tuchukulie mfano wa kata yenye watoto 5,000. Kata hiyo itampata mtoto mmoja tu mwenye lukemia katika muda wa miaka minne au mitano, na pengine atakufa kabla hajatambuliwa. Mzee aliyeganga kwa miaka 40 atakuwa amekutana na watoto wanane au kumi hivi, kila mmoja akiwa amejificha katika homa yake, naye hana njia ya kujua kwamba wote walikuwa na ugonjwa mmoja. Angewezaje kujua ni mti gani unaowafaa? Hakushindwa kwa ujinga. Alishindwa kwa sababu hesabu haikumruhusu. Kwa minyoo alikuwa na mashahidi elfu. Kwa lukemia hakuwa na hata mmoja ambaye angeweza kumtambua.

Jambo hili linatupa ufunguo wa swali letu, na ili ufunguo huo ufanye kazi, tuvuke bahari hadi kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska. Huko asili yake ni mmea mdogo wenye ua la petali tano, jekundu la kupauka au jeupe, ambao siku hizi umepandwa kama pambo katika bustani nyingi za mwambao wetu. Katika nchi mbalimbali za joto watu walichemsha majani yake na kuyanywa kwa ajili ya ugonjwa wa kisukari. Mwaka 1952 majani ya mmea huo yalipelekwa kutoka Jamaica hadi Kanada, kwa mtafiti Robert Noble wa Chuo Kikuu cha Western Ontario, ili aone kama kweli yanapunguza sukari katika damu. Aliwapa panya maji ya majani hayo, lakini sukari haikushuka. Yalipodungwa mwilini mwao, baadhi ya panya walikufa kwa maambukizo. Noble na mwenzake Charles Beer hawakuyatupa majani. Waliuliza kwa nini panya wamekufa, wakagundua kwamba chembe nyeupe za damu zilikuwa zimepungua mno.

Hapo ndipo akili ilipogeuka. Kitu kinachopunguza chembe nyeupe ni hatari kwa mwenye afya, lakini kwa mgonjwa ambaye chembe nyeupe zimemzidi huenda kikawa wokovu. Mwaka 1958 walitangaza dawa iliyoitwa vinblastini. Wakati huohuo watafiti wa kampuni ya Eli Lilly ya Marekani walikuwa wakiuchunguza mmea uleule, nao wakapata ndugu yake, vinkristini, iliyoruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1963. Dawa hii huizuia chembe isigawanyike mara mbili, na kwa kuwa chembe za saratani hugawanyika kwa pupa, hizo ndizo zinazoumia zaidi. Kabla ya miaka ile, mtoto mwenye lukemia alikuwa kama amekwisha kuhukumiwa kifo. Leo, katika nchi zenye uwezo, karibu watoto 9 kati ya 10 wenye lukemia ya aina inayowapata watoto wengi hupona, kwa matibabu ya miaka miwili au mitatu ambamo vinkristini hutumika pamoja na dawa nyingine.

Tujiulize sasa: nani alikuwa sahihi? Waliokunywa majani kwa ajili ya kisukari hawakuwa wakitibu saratani ya damu, wala hawakupata kusema kwamba wanaitibu. Wataalamu nao walianza kwa kutafuta dawa ya kisukari. Ujuzi wa jadi uliwaonyesha mti. Vipimo vikawaonyesha maradhi. Bila watu wa jadi, jani lile lingebaki pambo la bustani. Bila mizani, lingebaki chai ya kisukari. Anayesema kwamba wenyeji walikwisha kujua yote anasema uongo, na anayesema kwamba hawakujua lolote anasema uongo wa pili.

Kuna jambo jingine ambalo mizani pekee ndiyo inayoweza kulisema. Jani hilihili linaloponya ni sumu. Vinkristini hupimwa kwa miligramu. Mtu mzima kwa kawaida hapewi zaidi ya miligramu 2 kwa mara moja, na kuipata gramu moja tu huhitajika mamia ya kilo za majani makavu. Ikiingizwa katika mshipa wa damu kwa kiasi chake, huokoa. Ikiingizwa kwa makosa katika uti wa mgongo, huua. Dawa ile ile, mgonjwa yule yule, siku ile ile. Tofauti ya uhai na mauti ni kipimo na njia. Kwa hiyo mtu anayechuma majani hayo bustanini na kumchemshia mtoto mgonjwa, kwa kuwa amesikia kwamba yanatibu saratani, hamrithishi hekima ya wahenga. Anampa sumu isiyojulikana kiasi chake, na huenda hata dawa inayotakiwa isimfikie kabisa.

Hata hivyo, liko pingamizi, na si haki kulipita kimya. Wapo wasemao: "Wanaokuja kupima huja ili wachukue. Leo wanaweka mti wetu juu ya mizani, kesho wanauweka katika chupa, keshokutwa wanatuuzia." Pingamizi hili lina ushahidi. Mmea wa Bukini uliyatajirisha makampuni ya mbali kuliko ulivyokitajirisha kisiwa ulikotoka. Na hapa kwa jirani zetu wa Kenya kuna kisa kinachopasa kukumbukwa. Mwaka 1972 mtaalamu wa Kimarekani, Morris Kupchan, na wenzake walitangaza kwamba katika mti mmoja wa jamii ya Maytenus uliotoka Ethiopia wamepata kitu chenye nguvu kubwa dhidi ya lukemia ya panya, wakakiita maitansini. Mti wa jamii hiyo ulipatikana pia katika milima ya Shimba, Kwale. Katika miaka ile ya 1970 zilivunwa huko zaidi ya tani 27 kwa ajili ya majaribio. Miaka minne baadaye, walipohitaji miti zaidi, walikuta msitu haujaweza kuirudisha ile iliyokatwa, na wakusanyaji wakahangaika. Maitansini yenyewe ilipojaribiwa kwa wagonjwa ilionekana kuwa kali mno, ikawekwa kando. Ndipo mwaka 2013, baada ya miongo minne, dawa iliyotokana nayo, ikiwa imefungwa kwenye kingamwili inayoipeleka moja kwa moja kwenye chembe za saratani, ikaruhusiwa Marekani kwa saratani ya matiti.

Kisa hicho kinafundisha mambo mawili, nasi tusiyachanganye. La kwanza ni kwamba kupima kwahitaji subira ya miaka mingi, na kwamba kitu kinachoua saratani ya panya huenda kisimfae binadamu mpaka akili imekizunguka mara nyingi. La pili ni kwamba aliyechukua ana deni. Lakini kosa la Shimba halikuwa kupima. Lilikuwa kuvuna pasipo kuhesabu kitakachobaki. Kwa maneno mengine, waliupima mti kwa uangalifu mkubwa, wakasahau kuupima msitu. Dawa ya dhuluma hiyo ni haki, wala si giza. Ndiyo maana mataifa yalikubaliana katika Mkataba wa Bioanuwai wa mwaka 1992, na tena katika Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, kwamba nchi ina mamlaka juu ya mimea yake, na kwamba faida itokanayo na mimea hiyo na ujuzi wa wenyeji igawanywe kwa haki. Anayeficha mti wake asije akaibiwa huwanyima watoto wake pia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Naye mficha dawa hana mwisho bora kuliko huo.

Na tukikataa mizani, tutabaki na nini? Tuliona mwaka 2011, katika wilaya hiihii ya Ngorongoro iliyo na Kakesio. Katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile aliwapa watu kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500, akiamini kwamba ameoteshwa na Mungu kuwa kitaponya maradhi sugu. Magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi, wakaja maskini na wakubwa, kutoka nchini na kutoka nje. Mzee yule alifariki mwaka 2021, wala simtaji kwa kumlaumu. Bei yake haikuwa bei ya mtu anayetafuta utajiri. Nataja umati ule. Watu wale hawakuwa wajinga. Walikuwa wamechoka kungoja, na tumaini lilipopita karibu nao kwa bei waliyoiweza, walilishika. Lakini baadhi yao waliacha dawa zao za hospitali, na hapo tumaini lisilopimwa likageuka mzigo uliobebwa na mgonjwa peke yake. Mti uliosifiwa na watu wengi kwa wakati mmoja haukuwa umepimwa na watu wengi kwa muda mrefu, kama wazee walivyoupima olmukutan.

Turudi Kakesio, tumfikirie baba mmoja. Mwanawe wa miaka sita amepauka, ana homa isiyokwisha, na ufizi wake unatoka damu. Amempa supu ya mizizi, kwa sababu hiyo ndiyo dawa iliyo karibu, na kwa sababu yeye mwenyewe alipona kwayo alipokuwa mtoto. Mbele yake kuna safari ya kupitia Endulen hadi Karatu, kisha Arusha, na pengine mpaka Moshi au Muhimbili, Dar es Salaam. Kuna nauli, kuna mifugo ya kuuza, kuna miaka miwili au zaidi ya matibabu. Anakwenda kwa mzee anayemheshimu kumwomba shauri. Mzee atasema nini? Akisema, "Ngoja, nitakuongezea dawa," amelinda jina lake, na mtoto atakufa. Akisema, "Mwanangu, homa naijua na minyoo naijua, lakini hii siijui, mpeleke leo," amefanya kazi kubwa kuliko kuganga. Kwa neno hilo moja, siijui, ameyalinda pia yale yote anayoyajua, kwani anayekiri mpaka wa ujuzi wake huaminiwa anapokuwa ndani ya mpaka huo.

Hiyo ndiyo maana yangu ninaposema kwamba kupima ni heshima. Kumwamini mzee katika kila neno bila kuuliza si kumheshimu, bali ni kumbebesha mzigo ambao hakuuomba. Kumpuuza ni kutupa macho ya vizazi. Kumheshimu ni kumwambia: "Baba, ulichokiona tumekichukua kwa uzito, tutakitazama kwa vyombo ambavyo hukuwa navyo, na tutakueleza tulichokiona, kiwe kizuri au kibaya."

Wajibu huo haumwelekei mzee peke yake. Taifa letu lilianza kazi hii mapema. Mwaka 1974 kilianzishwa katika Muhimbili kitengo cha kuchunguza dawa za asili, ambacho baadaye kilikua na kuwa taasisi kamili, na mwaka 2002 Bunge likatunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mtafiti anayekwenda kijijini kuuliza habari za miti ana wajibu wa kurudi kijijini na jibu. Asiyerudi amechukua bila kulipa, hata kama hakubeba gunia. Nayo serikali ina wajibu wa kulisogeza tumaini lililopimwa karibu na watu, kwa barabara, kwa maabara na kwa dawa zinazopatikana, maana fimbo ya mbali haiui nyoka. Hatuna haki ya kumlaumu baba wa Kakesio kwa kushika mzizi ulio karibu, ikiwa dawa iliyotokana na jani imewekwa mbali na mkono wake.

Twasema mwacha asili ni mtumwa, na ni kweli. Lakini asili ya wazee wetu haikuwa miti peke yake. Asili yao ilikuwa pia ule utaratibu wa kujaribu, kutazama, kukumbuka na kuonya. Anayeishika miti na kuutupa utaratibu huo ameiacha nusu ya asili, tena nusu iliyo bora. Neno olchani liliunganisha mti na dawa, na waliounganisha maneno hayo walilipia umoja huo kwa miaka mingi ya kuchunguza. Vijana wao wakiingia maabara na kuuweka mti huo juu ya mizani, hawatakuwa wameiacha njia ya wazee. Watakuwa wameianzia pale wazee walipoishia.